Barafu ya Mwigobero: Mjadala juu ya Riziki ya Mtunza Wanamichezo

MZAZI: Neno langu la kwanza ni hili, nami ningependa lijibiwe kabla ya mengine: binti yangu amemaliza kidato cha sita kwa Fizikia, Kemia na Biolojia, masomo niliyoyagharamia kwa pamba ya Bunda, ambayo msimu mmoja hutoa na misimu miwili hunyima, na leo, badala ya kuniambia kwamba ataka uganga, au uuguzi, au uhandisi, aniambia kwamba muradi wake ni kukaa kando ya uwanja na mkoba wa bendeji, akingoja vijana waumie ili awainue. Nimeitafuta kazi hiyo katika matangazo ya ajira, sikuiona. Nimewauliza watu wawili wenye elimu kunizidi, mmoja akadhani namwuliza habari za ukocha, na wa pili akadhani namwuliza habari za Msalaba Mwekundu. Kazi isiyo na jina mtu ataiombaje, na mshahara wake utaandikwa katika daftari gani?

MWANAFUNZI: Jina lake, baba, huko ilikokulia limekwisha kupatikana, na hapa kwetu naomba tuiite utunzaji wa wanamichezo mpaka wajuzi wa lugha watupatie jina lililo bora. Lakini mimi sikuanza kwa kulipenda jina. Nilikuwa kidato cha tatu, katika UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwenzangu aliporuka kudaka mpira wa pete akatua juu ya mguu wa mpinzani wake, kifundo kikageuka kwa ndani, na sisi tuliokuwa karibu tukasikia mlio kama wa ukuni mkavu. Akaja mtu mzima mwenye nia njema, akakivuta kile kifundo ili kirudi mahali pake, akakikanda kwa maji ya moto yenye chumvi, akakifunga kwa kipande cha khanga, na katika robo ya mwisho mwenzangu akarudishwa uwanjani kwa kuwa hatukuwa na mchezaji wa akiba. Jioni kifundo kilikuwa kimevimba kiasi kwamba ukikibonyeza kwa kidole, shimo la kidole lilibaki pale pale kama juu ya udongo mbichi. Mpaka leo hushuka ngazi kwa ubavu. Hakuna aliyemdhulumu, ila miongoni mwa watu wote tuliomzunguka hapakuwa na hata mmoja aliyejua.

MZAZI: Mtu aliyetakiwa kujua ni daktari.

MWANAFUNZI: Daktari alikuwa hospitalini, baba, nasi tulikuwa uwanjani.

TABIBU WA VIUNGO: Binti amesimulia vema, na makosa yote matatu ya siku ile ni makosa niyaonayo kila juma, maana hunijia yakiwa yamekwisha kufanyika. Joto katika saa za kwanza hupanua mishipa ya damu na kuuzidisha uvimbe; kano iliyochanika ikivutwa huchanika zaidi; na kifundo kilichoteguka mara moja kisitunzwe, huwa chepesi cha kuteguka mara ya pili na ya tatu, hata kikawa adui wa mwenyewe aushi yake. Lakini maarifa haya hayahitaji jina jipya wala njia mpya. Ni sehemu ya tiba ya viungo, nayo hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kwa stashahada na kwa shahada, na binti mwenye masomo ya sayansi mlango huo u wazi mbele yake. Aingie humo, ahitimu, apate cheti kinachotambuliwa na dola, ndipo aseme kwamba ataka kuwatumikia wanamichezo. Afanyaye kinyume chake ni kama mvuvi anayeingia ziwani kabla ya kuziba chombo.

MWALIMU WA MICHEZO: Daktari, mimi naheshimu cheti chako, tena wachezaji wangu watatu umewarudishia miguu yao, lakini niruhusu niseme jinsi mambo yalivyo siku ya Jumamosi hapa Musoma. Mchezaji akiumia kifundo, mimi humtuma kijana kwa baiskeli mpaka mwalo wa Mwigobero, akaombe barafu kwa wauza samaki, ile ile iliyolazwa juu ya sangara. Huja nayo imefungwa ndani ya gunia, inachuruzika, inanuka shombo, nasi huiponda kwa jiwe, tukaikunja ndani ya fulana, tukaiweka juu ya kifundo kilichoinuliwa juu ya mpira. Hiyo ndiyo hospitali yetu. Nilijifunza hayo katika semina moja ya siku chache, na tangu hapo nimekuwa tabibu wa watoto mia kadhaa bila ya kuomba utabibu. Wewe huwezi kuja, nami sikulaumu. Lakini kama kila mwenye ujuzi lazima kwanza apitie Moshi, na kila apitiaye Moshi hupangiwa wodini, ni lini atafika Jumamosi?

TABIBU WA VIUNGO: Na wodini, Mwalimu, wamelala nani? Ingia siku moja katika hospitali yetu ya rufaa ya Kwangwa, iliyopewa jina la Mwalimu Nyerere, au hospitali ya Bunda, au nyingine yoyote ya kanda hii, uwatazame wanaongojea mikono ya watu wa kada yangu: vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja, wazee waliopigwa na kiharusi ambao mkono mmoja umekuwa mgeni katika kiwiliwili chao, watoto wenye mtindio wa ubongo waliobebwa mgongoni na mama zao kutoka vijiji vya mbali. Sisi tu wachache mno. Ukinitaka nimwache mama huyo nije nimfunge bendeji kijana mwenye afya aliyeteleza akikimbilia mpira, dhamiri yangu itanisuta. Michezo ni jambo jema, ila ina zamu yake.

MWALIMU WA MICHEZO: Umekwisha kuisema hoja yangu kwa ulimi wako. Maadam ninyi ni wachache na wodi zimejaa, basi mtu wa uwanjani hawezi kuwa ninyi. Sharti awe mtu mwingine, aliyefundishwa kwa kazi nyingine, mwenye ujuzi pungufu kuliko wako katika kiharusi na mwingi kuliko wangu katika kifundo. Wamarekani waliliona hilo zamani. Watunza wanamichezo wao waliunda chama chao cha taifa mwaka 1950, wakati ambapo wengi wao walikuwa watu wa mafuta ya kuchua na bendeji kama hawa wetu wa leo; na chama cha madaktari wa nchi ile hakikuwatambua kuwa ni kada ya afya mpaka mwaka 1990. Hesabu mwenyewe: miaka 40 walifanya kazi kabla ya kupewa utambuzi. Lau wangengoja utambuzi kwanza, wangekuwa wanangoja hata sasa.

TABIBU WA VIUNGO: Nawe maliza hesabu yako, usiikatie njiani. Nchi hiyo hiyo leo haimruhusu mtu kufanya mtihani wa kazi hiyo ila awe na shahada ya uzamili, kwa sababu katika miaka hiyo waliona jinsi mikono isiyo na elimu ya kutosha inavyoweza kumharibu mtu kwa nia njema. Wao walianzia gizani kwa sababu taa haikuwapo. Sisi taa ipo, iko Moshi, na wewe wataka binti huyu aanzie gizani kwa kuwa ndivyo walivyoanza wengine?

(Mwandishi anaomba nafasi ya maneno machache. Katika timu zetu mtu anayezungumzwa hapa huitwa mchua misuli, na jina hilo, ingawa ni zuri kwa masikio, limempunguzia hadhi, kwa maana linadhihirisha kazi ya viganja vyake na kuficha ya macho yake. Nimewatazama watu hawa mara nyingi, na aliye hodari miongoni mwao humtambua mchezaji anayechechemea kabla mchezaji mwenyewe hajakiri. Sijui kwa nini ustadi huo wa kuona haukupata jina.)

MZAZI: Mnabishana juu ya taa na giza, mimi nauliza juu ya ugali. Hapa Musoma tulikuwa na timu ya kujivunia, Biashara United Mara. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na katika msimu wa 2020/21 ikamaliza nafasi ya nne, ikapata kucheza Kombe la Shirikisho Afrika, nasi kule Bunda tuliipigia vigelegele kama timu ya ukoo. Msimu uliofuata ikashuka daraja. Mchezaji hodari timu ikishuka hupata timu nyingine, na kocha kadhalika, maana majina yao yametangazwa redioni. Je, mchua misuli, ambaye hakuna mtangazaji aliyewahi kumtaja, naye huhamia wapi? Nipeni jibu la hilo, nami nitanyamaza.

MWALIMU WA MICHEZO: Swali lako ni la haki, mzee mwenzangu, na jibu langu si kamili. Kanuni za leseni za klabu za shirikisho la soka la Afrika zinaitaka klabu iwe na daktari na mtaalamu wa tiba ya viungo; kwa hiyo mahali pa kazi pameandikwa, si ndoto.

TABIBU WA VIUNGO: Pameandikwa kwa jina langu, Mwalimu, si kwa jina lako. Mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwenye mkoba na nia njema hakutajwa.

MZAZI: Umesikia, mama? Hata kanuni wanazozileta kukutetea zinamtetea mwingine.

MWANAFUNZI: Nimesikia, baba, na wala sisemi kwamba sitaki kwenda Moshi, nasema sitaki kwenda Moshi nikapotelea huko. Tena mimi nadhani tumeifanya riziki hii kuwa nyembamba kwa kuitazama katika klabu za mpira peke yake. Tazama wilaya ya Butiama tu: Rwamkoma wapo vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa, wanaokimbia na kubeba mizigo kutoka alfajiri, na miguu isiyozoea mwendo huo hupata nyufa za mifupa zisizoonekana kwa jicho; na Buhemba wapo wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambao migongo yao hufanya mazoezi mazito kuliko ya mwanariadha yeyote, wala hakuna aliyewafundisha namna ya kuinua gunia la mawe. Huko Marekani watunza hawa wameajiriwa jeshini, viwandani na katika vikosi vya zimamoto, si viwanjani peke yake, kwa sababu kiwiliwili hakiulizi kama unakitumikisha kwa kombe au kwa ujira. Na riadha yetu, baba, imelelewa na majeshi: Alphonce Simbu, aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia huko Tokyo Septemba 2025, ni askari wa Jeshi la Wananchi. Kilomita 42 na ushei, kisha akamshinda Mjerumani kwa tatu kwa mia za sekunde. Tofauti ndogo hiyo yaweza kuwa ni msuli mmoja wa paja uliopumzishwa siku moja zaidi.

MZAZI: Yaweza kuwa. Na yaweza kuwa ni baraka za mama yake. Usinijengee nyumba juu ya "yaweza kuwa".

MWALIMU WA MICHEZO: Kuna na Kombe la Mataifa ya Afrika la mwaka 2027, ambalo sisi na Kenya na Uganda tumepewa kuliandaa...

MZAZI: Litachezwa Musoma?

MWALIMU WA MICHEZO: La.

MZAZI: Bunda?

MWALIMU WA MICHEZO: La, mzee.

MZAZI: Basi tulistahi, lipite salama. Ngoja niseme lililo moyoni. Pale Butiama, karibu hata na kaburi la Baba wa Taifa, tumepewa chuo kikuu kinachobeba jina lake, cha kilimo na teknolojia. Mtoto wa mkulima, mwenye sayansi mkononi, angeweza kusoma karibu, akarudi kunieleza kwa nini pamba yangu hupukutika kabla ya kukomaa. Hiyo ni kazi yenye shamba linaloonekana. Wazee wetu hawakumwacha mtu ale mpira.

MWANAFUNZI: Nakubali kwamba pamba inahitaji mtu, baba. Ila kila uliponiona nimekaa nje usiku nikisoma kwa taa ya sola, kitabu kilikuwa cha viungo vya mwanadamu, na nilikuwa nakitazama kifundo cha yule mwenzangu. Ukinipeleka kwa pamba nitakwenda, nitahitimu, nami nitakuwa mtaalamu wa kilimo ambaye kila apitapo shuleni hugeuza shingo.

MZAZI: Lipo na jingine, nami nitalisema kwa kuwa hapa hakuna mtoto. Msichana mwenye umri wake kushika mapaja ya vijana wa kiume mbele ya uwanja mzima: watu wa kwetu watalielewa hilo?

MWALIMU WA MICHEZO: Mzee, muuguzi huwafanyia wanaume zaidi ya hayo, na watu wa kwetu humpokea kwa shukrani. Lakini acha hilo; nitakueleza upande wa pili, ambao wewe kama mzazi wa binti unakuhusu zaidi. Wasichana ninaowafundisha hunificha maumivu. Mwenye maumivu ya nyonga hatamwonyesha mwalimu wa kiume. Mwenye siku zake za mwezi zilizokoma kwa ajili ya mazoezi mazito na chakula haba, jambo ambalo hudhoofisha mifupa, hataniambia mpaka mfupa uvunjike. Nimempoteza mkimbiaji wa mita 800 kwa njia hiyo; si kwamba alikufa, bali aliacha, na sababu niliijua baada ya miaka miwili kutoka kwa shangazi yake. Leo soka la wanawake linakua, Twiga Stars wamefika fainali za Afrika, na wasichana wanatoka vijijini kuja kujaribiwa. Ni nani watakayemwambia?

MZAZI: Hilo sikuwa nimelifikiri.

TABIBU WA VIUNGO: Nami nakubaliana nalo kabisa, kwa kuwa hata kliniki wanawake huulizia kama yupo mhudumu wa kike. Lakini, Mwalimu, kadiri unavyoongeza uzito wa kazi ndivyo unavyoongeza haja ya elimu yake. Umeanza na barafu; sasa umefika kwenye mifupa na siku za mwezi. Niongeze la moyo? Desemba 2016, katika uwanja wa Kaitaba, Bukoba, upande wa pili wa ziwa hili letu, kijana wa timu ya vijana ya klabu ya Mbao alianguka akicheza, akafa. Juni 2021, Copenhagen, Christian Eriksen wa Denmark alianguka vivyo hivyo, moyo ukasimama, akabonyezwa kifua pale pale, akashtuliwa kwa mashine ya kushtua moyo, akapona, na baadaye akarudi kucheza. Mimi sijui kilichomuua yule wa kwetu, wala sisemi kwamba angeponyeka. Nasema tu kwamba katika dakika chache hizo tofauti ya watu waliopo kando ya mstari ni tofauti ya uhai na mauti, nami sitaki dakika hizo zikabidhiwe mtu wa semina ya siku chache.

MWALIMU WA MICHEZO: Wala mimi sitaki. Ila kubonyeza kifua, Daktari, hujifunza mtu yeyote katika siku moja, na ni bora awepo wa siku moja kuliko asiwepo wa miaka minne. Wewe wapima aliyepo kwa aliye bora. Mimi nampima kwa uwanja mtupu.

Tena nitasema lililo kubwa kuliko hayo, maana tumezungumza muda wote kana kwamba kazi hii huanza mtu akishaanguka. Kazi yake iliyo bora hufanyika kabla. Yapo mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+, ya dakika 20 tu, hayahitaji chombo chochote isipokuwa uwanja: kukimbia kwa mpango, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha nyuma ya paja, kuruka na kutua kwa goti linaloelekea sawa na kidole cha mguu. Yalipojaribiwa Norway kwa wasichana wa miaka 13 hadi 17 katika klabu 125, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008, majeraha kwa jumla yalipungua kwa kadiri ya thuluthi moja. Thuluthi moja, bila dawa, bila kisu, bila leseni! Mwalimu aliyepita Butimba, au chuo cha michezo cha Malya, au idara ya elimu ya viungo ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aweza kuyafundisha shule nzima. Kwa hiyo kama baba ataka mshahara unaojulikana na binti ataka uwanja, njia ni ualimu. Mwalimu hulipwa, na kila siku yuko mahali watoto wanapocheza.

TABIBU WA VIUNGO: Na kocha wake ni nani?

MWALIMU WA MICHEZO: Sikukuelewa.

TABIBU WA VIUNGO: Mwalimu huyo wa michezo, anayewatunza watoto, ndiye huyo huyo anayetaka washinde? Mkono mmoja washika barafu na mwingine kombe? Siku zitakapogombana haja hizo mbili, upi utafungua vidole?

MWALIMU WA MICHEZO: Umenishika pabaya. Nitajibu kwa kweli, maana uongo hapa ungekuwa dhambi. Mwaka mmoja, katika fainali ya shule, nilimrudisha uwanjani kijana aliyegongana kichwa na mwenzake, baada ya kumwuliza jina lake na siku ya juma, naye akanijibu jina sahihi na siku si sahihi. Nikajiambia kwamba watoto wengi hawajui siku. Tulishinda. Kijana alitapika njiani kurudi nyumbani, na kwa majuma matatu hakuweza kusoma ubaoni bila kuumwa kichwa. Kikombe kingali kabatini. Mimi sikipangusi vumbi.

TABIBU WA VIUNGO: Sikukuuliza ili nikuaibishe, ndugu yangu.

MWALIMU WA MICHEZO: Najua. Lakini yafaa binti alisikie. Sisi sote twalelewa na sifa ya kuvumilia. Oktoba 1968, huko Mexico, John Stephen Akhwari wetu alianguka katika marathoni, goti likateguka, akafungwa bendeji, akamaliza wa mwisho giza limekwisha kuingia, na jina lake likazunguka dunia nzima. Nami huwasimulia wanafunzi kila mwaka. Lakini katika miaka yote hiyo hakuna mtoto hata mmoja aliyeniuliza ni nani aliyemfunga ile bendeji. Na mimi sikuwahi kujiuliza.

TABIBU WA VIUNGO: Wala hakuna aliyeuliza kama aliyeifunga alikuwa na haki ya kumwambia akae chini.

MZAZI: Usimguse Akhwari, Daktari.

TABIBU WA VIUNGO: Simgusi, mzee, mtu mzima alichagua, na nchi ilimtuma mbali, nami humstahi kama wewe. Nawazungumzia watoto wa miaka 15 ambao hatukuwapa hiari. Mtunza wa kweli humtumikia mchezaji, hamtumikii kocha wala mwenye klabu. Lakini anayemlipa ni mwenye klabu, na anayemwamrisha ni kocha, na siku ya fainali wote wawili humtazama wakingoja aseme "anaweza". Atakayesema "hawezi" akabaki na kazi yake ni yule mwenye kiapo, mwenye namba ya usajili, mwenye chama nyuma yake kitakachouliza kwa nini amefukuzwa. Huyo mwingine, awe hodari namna gani, ni mtumishi wa kocha aliyeshika bendeji. Ndiyo sababu nang'ang'ania Moshi. Si kwa kiburi cha kada yangu.

MZAZI: Hapo, Daktari, umesema jambo linaloniingia kuliko hesabu zote. Binti wa mkulima akitaka kumkatalia mkubwa, sharti ashike karatasi.

MWALIMU WA MICHEZO: Nami silipingi, nauliza tu kitakachotokea baadaye. Mzee, hapo ziwani kwetu, huko Majita, alitoka Suleiman Nyambui, aliyepata fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, aliyekuwa akikimbia katika miaka hiyo akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko El Paso, Texas, mahali ambapo mkimbiaji ana mtu wa kumtazama miguu kila jioni. Mtoto wa Majita wa leo mwenye miguu kama yake, nani anaitazama? Kama binti huyu ataipata karatasi, halafu karatasi hiyo hiyo ikampangia wodi iliyojaa, Jumamosi akiwa zamu na Jumapili akiwa hoi, basi tutakuwa tumempata mtabibu mwema wa viungo, jambo la heri kabisa, na uwanja utabaki vile vile na barafu ya sangara.

TABIBU WA VIUNGO: Hilo sina jibu lake. Mimi mwenyewe nilipokwenda kusoma nilisema nitarudi kwa wanamichezo. Imepita miaka kumi na moja.

MWANAFUNZI: Basi nisiende nikiwa mtupu. Fomu ya Moshi nitaijaza, baba akiridhia. Lakini kabla ya kwenda, na kila likizo nitakayorudi, Mwalimu anipe Jumamosi zake, na wewe Daktari unipe asubuhi moja ya juma nikae nyuma yako kliniki nitazame tu, nisiguse mtu. Nikihitimu nikaambiwa wodi, nitakuwa tayari nimekwisha kuwajua watoto wa uwanjani kwa majina, na mtu si rahisi kumsahau amjuaye kwa jina.

MZAZI: Maneno ya vijana ni matamu kabla ya kuajiriwa. Sijakubali. Nataka nijue ni pesa ngapi, na ni miaka mingapi, na kama kuna mkopo wa serikali kwa masomo hayo, na nitaketi na mama yake na ndugu zangu kabla ya kuuza ng'ombe hata mmoja.

TABIBU WA VIUNGO: Ndivyo inavyopasa. Nami asubuhi ya Alhamisi naitoa. Ila nikuulize, binti: Jumamosi hii ukiwa uwanjani na Mwalimu, na mtoto akianguka, utafanya nini, ilhali hujasoma bado?

MWANAFUNZI: Nitamlaza na kuuinua mguu, nitauwekea barafu ndani ya kitambaa isiunguze ngozi, na nitamzuia asirudi kucheza. Hayo matatu hayahitaji leseni.

TABIBU WA VIUNGO: Mawili hayahitaji. La tatu ndilo linaloihitaji.

MWALIMU WA MICHEZO: Jumamosi hii la tatu nitalisema mimi.

MZAZI: Mpira wenyewe huanza saa ngapi?